Pangaboi la Boti ya Baba

Shimoni,
Jumamosi, 4 Januari 2025

Dada Ruqaiya,

Assalamu alaykum warahmatullah. Sisi huku ni wazima, na natumai hapo Kayole wewe, shemeji Zubeiri na Khawla mko salama pia. Kadija anakusalimu. Mimba yake ina miezi minne sasa na kichefuchefu kimempungua. Siku hizi kazi yake ni kudai samaki wa kukaanga kabla hata sijanywa chai.

Usishangae kuletewa gunia zito na barua badala ya kupigiwa simu. Nambari yako bado nimeifunga. Yale uliyoandika kwenye grupu la familia siku ya arobaini ya Baba, kwamba boti imeachiwa mtu asiyeijua mbele wala nyuma, yalisomwa na watu thelathini na wawili, wakwe zangu wakiwemo. Nilikutoa kwenye grupu na mpaka leo sijajuta. Barua naiweza, kwa sababu hainijibu papo hapo.

Ndani ya gunia ni pangaboi la boti. Tangu Novemba boti inatetemeka, mashine inanguruma kwa nguvu zote na mwendo hakuna. Kuvuka kwenda Wasini ilikuwa robo saa, sasa ni karibu nusu saa na abiria wananinunia. Nimelitoa nikakuta mabawa yote matatu yameliwa kingoni, na moja limepinda pale lilipogonga mwamba. Kwa sasa natumia pangaboi la kuazima ambalo mwenyewe atalitaka wakati wowote.

Fundi niliyenaye siku hizi anaitwa Odero. Ametoka Mbita na amefanya mashine za boti ziwani kwa miaka kumi na mitano. Anasema nisipoteze wakati, ninunue jipya. Ningenunua, ila wewe na mimi tunaijua desturi ya nyumba yetu. Chuma cha Baba hakikutupwa kabla wewe hujakigonga kwa nyundo na kukisikiliza. Basi ligonge. Kama linatengenezeka, litengeneze. Kama limekufa, niambie limekufa, nami nitanunua jingine bila maneno mengi.

Ni mimi ndugu yako,
Imran

*

Kayole,
Jumatatu, 13 Januari 2025

Imran mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri, na wifi yangu mpe samaki wake bila kumsimanga. Sisi tupo. Zubeiri bado yuko na duka lake la mifereji pale Spine Road na mgongo wake ule ule. Khawla amepata kazi ya duka la dawa Donholm, anavaa koti jeupe na sasa hata mimi ananiandikia dawa. Kazi yangu iko pale pale Kariobangi, kwenye kibanda cha mabati kando ya Ngigi wa mageti. Hapa hakuna bahari, kwa hiyo naishi kwa pampu za visima vya Njiru. Zinakuja zimeliwa na mchanga, najaza, napiga tupa, zinarudi kuvuta maji. Mikono hii Baba aliifundisha kazi ya boti na leo inahudumia mapipa ya watu wa Njiru. Nilikuwa nimezoea, mpaka ulipoleta gunia lako.

Lilifika Alhamisi. Nilipolifungua nilikaa chini kwanza. Unajua nilikuwa na miaka kumi na minne Baba alipolipindisha pangaboi hili bawa moja moja juu ya kile kipande cha reli, na mimi ndiye niliyeshika vigezo vya kadibodi, nikimwambia hapa bado, hapa limezidi. Wewe ulikuwa na miaka sita, ulikuwa unalia kwa sababu ya mdudu. Boti hiyo imebadilishwa mashine mara mbili. Mbao zimebadilishwa, paa limebadilishwa. Hilo pangaboi ndilo kitu pekee kilichobaki ndani yake nilichokigusa mimi.

Nimeligonga. Nimesikia nilichosikia. Ngigi naye alikuja akalitazama na akasema maneno yake, unamjua Ngigi. Usinunue lolote. Niachie wiki tatu.

Na sasa nikuulize. Kile kipande cha zinki kinachofungwa karibu na shafti ili maji ya chumvi yakile chenyewe na kuliacha pangaboi, ulikibadilisha lini? Baba alikuwa akikibadilisha kila mwaka. Kama huyo bwana wako wa ziwani ni fundi wa miaka kumi na mitano, mbona hakujua? Au ziwani maji hayana chumvi basi na yeye hana habari? Unamwita fundi, unamsikiliza, unamweka mahali pa Baba, na dada yako unamletea kazi ndani ya gunia la viazi. Imeniuma, nami sitaificha.

Boti yenyewe inaitwa jina lako. Nilikuwa na miaka minane siku ile ulipozaliwa na Baba akatoka nje na kopo la rangi. Herufi nilichora mimi, maana mwandiko wake ulikuwa mbaya. I, M, R, A, N. Niliziandika vizuri sana. Nilikuwa nimeishi kando ya boti ile miaka minane yote haina jina.

Salamu kwa Kadija.

Dada yako,
Ruqaiya

*

Shimoni,
Jumatano, 22 Januari 2025

Dada Ruqaiya,

Salaam nyingi. Huku ni kuzuri. Kadija alipelekwa kliniki, mtoto anacheza, na daktari amesema aende kila mwezi. Anapanda boti yangu kwenda kumwona mamake Wasini kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananiuliza kama wewe na mimi tumeshapatana. Namwambia tunaandikiana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika kuhusu zinki, umeandika kuhusu rangi na herufi, umeandika mpaka mdudu aliyeniuma nikiwa na miaka sita. Jambo nililokuuliza hukulijibu. Uligonga, ukasikia nini? Odero anasema kabla hatujalipakia alikwangua kutu kwenye bawa lile lililopinda akaona chini yake rangi ya waridi, kama ufizi. Anasema shaba ikiwa na rangi hiyo imekwisha ndani hata kama nje inaonekana nzima, na kuichomelea ni kujisumbua. Mimi siwezi kubishana naye. Unajua mimi sisikii kitu. Ukigonga kizuri na ukigonga kibovu, kwangu ni kelele moja.

Hilo nalo nikwambie kwa kuwa umeanza. Boti ina jina langu, sawa. Mimi nilikuwa nikipita na ndoo ya maji nawaona nyinyi wawili mmeinama kwenye meza moja, yeye anagonga, wewe unasikiliza, halafu mnacheka. Nilikuwa nikiuliza mnacheka nini naambiwa nipeleke ndoo. Siku zake tatu za mwisho nilimwosha mimi na kumlisha mimi, na alichokuwa akiuliza ni kama basi la Nairobi limefika.

Zinki sikubadilisha miaka miwili. Hilo ni kosa langu. Nijibu kwa neno moja tu. Zima au limekufa?

Imran

*

Kayole,
Jumatano, 5 Februari 2025

Imran,

Baada ya salamu. Sote hatujambo isipokuwa Zubeiri na mgongo. Khawla amekutumia vidonge vya kuongeza damu vya Kadija, viko ndani ya soksi katika mzigo huu. Anywe kimoja baada ya chakula cha mchana na asinywe na chai.

Pangaboi lako hilo hapo. Litoe kwenye gazeti ulitazame juani. Nililipasha moto bawa lililopinda mpaka likalainika nikalirudisha kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, nikipima kwa vigezo vya Baba ambavyo ninavyo mpaka leo. Kingo nimezijaza kwa fimbo za shaba kisha nikapiga tupa siku nne. Nikaliweka juu ya vyuma viwili kulipima uzani, nikalizungusha, na kila liliposimama hakuna bawa lililotangulia kushuka. Mafundi wa mtaa mzima walikuja kutazama, maana hapa hawajaona kitu kama hiki. Mmoja akasema, “Mathe, hii unaeza weka kwa sitting room.” Nilimwambia hii ni ya kazi, inarudi baharini.

Utalitumia miaka kumi ukilitunza. Funga zinki mpya kabla hujalishusha majini.

Na huyo bwana wa ziwani mwambie awache kukwangua vitu asivyovijua. Ufizi! Mimi nimekaa na shaba tangu sijavunja ungo, kisha mtu anitokee na habari za ufizi. Unamnunulia chakula? Anakaa kwenye kile kiti cha kamba cha Baba pale bandani? Usinijibu kwa kuwa najua anakaa. Kila nikishika tupa nilikuwa namwona amekaa pale, miguu ameikunja, anakwambia nunua jipya, nunua jipya, na wewe unaitikia. Ukinunua jipya, boti itakuwa yako na yake. Mimi itanibidi niisikie kwa watu kama habari za jirani aliyehama.

Na Baba kuuliza basi la Nairobi, kwa nini unaniambia leo? Nilifika mmeshamzika, saa nne zimepita. Ungeweza kukaa nalo.

Ruqaiya

*

Shimoni,
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada yangu Ruqaiya,

Salaam na shukrani. Vidonge vimefika na Kadija ameanza kuvinywa. Anasema Khawla ni mtoto mwenye adabu, hakujifunza kwako.

Pangaboi limefika na sina maneno. Tulilifunga Ijumaa na Jumamosi nikavuka na watu kumi na wanane. Boti haitikisiki. Kikombe cha chai nimekiweka juu ya sanduku la mashine na chai haikumwagika. Wasini nimefika kwa dakika kumi na nne. Bi mmoja mzee aliyekuwa akisafiri na Baba aliuliza ni nani amelitengeneza, nikamwambia ni dada yangu wa Nairobi, akasema nilijua tu, mkono ule ni wa nyumba ile.

Odero nimemwambia asiniguse boti tena. Ulikuwa na haki na mimi nilikuwa mjinga. Sasa naenda bila wasiwasi, hata nje kule penye mawimbi, kwa sababu najua ni wewe uliyeligonga na kulisikiliza.

Kadija anakusalimu sana. Yeye ndiye abiria wangu wa kwanza kila Ijumaa.

Mdogo wako,
Imran

*

Kayole,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Imran mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Ramadhani ndiyo hiyo imefika, Mungu atujaalie tuifunge sote kwa afya. Sisi huku tumeshanunua tende. Kuna joto na maji yamekatika siku ya tano, kwa hiyo pampu za Njiru zimenijaa mpaka nje ya kibanda.

Barua yako nimeipata. Nilimsomea Zubeiri, nikamsomea Khawla, na pale penye kikombe cha chai nikamsomea Ngigi mara tatu. Sitakudanganya, nimefurahi. Nilivyosoma kwamba umemwondoa yule bwana nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilitaka tu kusema pangaboi lililotengenezwa si kama jipya, lina haja ya kuzoeana na mashine. Kwa hivyo usikimbize boti. Dakika kumi na nne ni upesi mno, nenda kwa ishirini, watu wana haraka gani. Na watu kumi na wanane ni wengi, Baba alikuwa akipakia kumi na wawili. Kule nje penye mawimbi usiende kwanza. Ukisikia mtetemo wowote, hata mdogo, simama. Una nanga nzuri? Makoti ya kuokolea yapo ya kutosha, na yapo ya saizi ya Kadija kwa hali yake?

Kadija anavuka kila Ijumaa kweli? Mfungo huu angepumzika. Mamake angekuja yeye Shimoni, mbona wazee wanapenda kutembelewa tu.

Sina la zaidi. Ni mambo ya kawaida tu ambayo mtu humwambia mdogo wake.

Dada yako,
Ruqaiya

*

Shimoni,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Dada Ruqaiya,

Salaam za mwezi mtukufu. Tumefunga vizuri na kumi la mwisho ndilo linakatika. Kadija ni mzito sasa, anatembea ameshika kiuno.

Nimeona nikujulishe mipango ya Idi, kwa kuwa najua unapenda kusikia habari za boti. Siku ya Idi nimekodiwa kuzunguka kisiwa chote na familia tatu, watu ishirini na wawili na watoto ndani yake. Tutapita kwa nje. Kadija atakuja pia, na mamake na wadogo zake. Nimewahakikishia pangaboi ni kazi ya mkono wako.

Kama una neno lolote la kuniambia kuhusu safari hiyo, niambie.

Imran

*

Kayole,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Imran,

Msipande boti. Nimempigia Kadija mara tisa leo asubuhi na hapokei. Nimemtumia ujumbe kwamba asipande yeye wala mtu yeyote mpaka ulitoe pangaboi lile. Amenijibu neno moja, “Sawa”. Hakuuliza kwa nini. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini, na nimempa dereva wa basi mkononi.

Wiki iliyopita nililetewa pampu kutoka Njiru. Nilipoifungua nikaona ndani yake rangi ile uliyonieleza, ya waridi. Nikaichomelea kama kawaida, ikapoa, nikaishika ikavunjika mkononi. Hapo ndipo nikaanza kufikiria pangaboi lako, nikaona huenda nalo lina ugonjwa huo huo na mimi sikulitambua kwa sababu ya kazi nyingi. Naona sasa si salama. Bawa likikatika huko nje, boti itapiga kando na shafti inaweza kutoboa chini. Litoe. Nunua jipya kama alivyosema fundi wako.

Nisamehe kwa kuchelewa kulijua. Nijibu upesi, au nifungulie simu hata kwa siku moja. Sijala daku wala sijafuturu vizuri tangu barua yako.

Ruqaiya

*

Shimoni,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Dada Ruqaiya,

Idi mubarak. Tumeila vizuri. Tulizunguka kisiwa watu ishirini na wawili na tukarudi salama, watoto wamechomwa na jua tu. Kadija yuko sawa. Najua umekaa siku kumi bila jibu. Nilitaka ukae nazo.

Pangaboi lako halikuwahi kushuka majini. Lilipofika Februari, Odero alilishika juani akalisifu sana. Alisema hajaona tupa safi kama ile. Kisha akalifunga kwenye jiliwa akagonga bawa moja kwa nyundo ndogo, si kwa nguvu, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikabaki mkononi mwake kama mkate mkavu. Ndani yote ni waridi. Nilinunua jipya siku ile ile. Habari za kikombe cha chai ni za kweli, lakini ni za hilo jipya. Odero sijamfukuza. Yuko hapa nikiandika.

Odero alisema hakuna fundi anayeweza kuchomelea shaba ile asijue. Nikamwambia dada yangu huenda hakujua. Akairudisha nyundo sandukuni. Basi nikakuandikia ile barua ya sifa kwa makusudi. Nilitaka kuona ukisikia watu kumi na wanane wamepanda, ukisikia Kadija ni abiria wa kwanza kila Ijumaa, utakaa kimya siku ngapi. Afisi ya basi ilinitumia ujumbe kwamba umechukua barua tarehe kumi na nane Februari. Ujumbe wako kwa Kadija ulifika tarehe ishirini na saba Machi. Ni siku thelathini na saba. Nilikuwa nahesabu kwenye kalenda ya duka la samaki, na Kadija alikuwa ananiona nikihesabu. Ile barua yako ya kuniambia niende polepole aliisoma yeye mwenyewe, akaja kuniuliza kama una maana ile anayoifikiria.

Sisemi nimefanya vizuri. Ukweli ni kwamba bawa lilipokatika, moyoni nilifurahi. Nilisema leo amekosea, yeye mwenye sikio. Tangu utoto nilingoja siku ile. Furaha yenyewe haikufika jioni, lakini ilikuwepo, na ni aibu nakuandikia.

Unasema umelijua wiki iliyopita tu, kwa ajili ya pampu ya Njiru. Wewe ni mkubwa wangu. Ukisema wiki iliyopita, nami nitasema ni wiki iliyopita. Nitamwambia Kadija hivyo, kwamba ulilijua ukatuma habari siku zile zile, na neno hili litaishia hapo. Simu nimeifungua. Ukiweza piga, mtoto akizaliwa tunakutaka uwepo.

Imran

*

Kayole,
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Imran ndugu yangu,

Waalaykum salaam. Sisi ni wazima. Nimeona simu imefunguliwa na sijapiga. Nikipiga utaniambia yaishe, na mimi nitakubali kwa haraka, kwa hiyo naandika.

Kwanza nililia kwa furaha kwamba hamkulitumia. Halafu, usicheke, nikalia kwa sababu hamkulitumia. Siku zote nilizokuwa nalala nikijua mkono wangu uko majini chini yenu, haukuwepo. Nimewaza ni mtu wa namna gani anayelia hivyo na bado sijapata jibu zuri. Nilitaka pia kukukasirikia kwa kunichezea na mimba ya mkeo, lakini kila nikianza naona mimi ndiye niliyeanza.

Hakuna pampu ya Njiru. Niliitunga.

Ulinipa mlango nikautazama siku tatu. Zubeiri aliisoma barua yako akaniambia, “Mama Khawla, pita hapo, ndugu yako amekuachia.” Siwezi kupita. Ukimwambia Kadija wiki moja, nitakuja kumshika mtoto wake huku najua nimemdanganya mama yake mara ya pili.

Hesabu yako umechelewa kuianza. Gunia lilifika Alhamisi, tarehe tisa Januari. Nililitundika kwa kamba kwenye boriti kama Baba alivyofanya, nikagonga bawa la kwanza, likajibu kama ubao. La pili vile vile. La tatu vile vile. Ngigi yuko upande wa pili wa mabati, anachomelea mageti, hajui lolote la shaba. Aliinua miwani yake akasema, “Mama Khawla, hiyo kitu imekufa. We peleka kwa mzani wa vyuma chakavu.” Nilimwambia anyamaze. Nikachukua tupa nikakwangua, nikaiona rangi, nikaifunika kwa gazeti kabla mtu mwingine hajapita. Ulikuwa umeniomba neno moja tu. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwona fundi wako amekaa bandani na wewe unamwitikia, nikaona nikilisema, boti itabaki bila kitu changu na itakuwa na chake. Wivu huo ulinishika mpaka nikasahau kwamba boti hupandwa na watu. Sivyo, sikusahau. Nilikumbuka kila siku nikapiga tupa tu.

Mwambie Odero alisema kweli na nimesoma alivyoisifu kazi yangu.

Kadija mwambie mambo yalivyo. Nitakuja akinitaka, na asiponitaka nitaelewa. Usimwambie wiki moja wala usimwambie siku thelathini na saba. Kutoka siku nilipoligonga mpaka siku niliyomtumia ujumbe ni siku sabini na saba. Mwambie sabini na saba.

Dada yako,
Ruqaiya